Mkasi Niliokubali Kuushika

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya sindano za Kichina nilipewa trei, nikaambiwa nisimame kushoto kwa daktari na nisiseme neno. Nilikuwa muuguzi wa miaka michache kazini, katika hospitali moja ya Mbozi, wakati mkoa wa Songwe ulikuwa haujazaliwa na sote tulihesabiwa watu wa Mbeya. Matroni, mkuu wetu wa wauguzi, alikuwa ameshawauliza wenzangu wanne. Wote walikataa. Mmoja alimwambia wazi kwamba hakusomea uuguzi ili aje kuchoma watu misumari. Ndipo Matroni akaniita ofisini, akanitazama mikono kwanza, uso baadaye.

"Lugano, mikono yako haitetemeki. Kesho unaanza na Mchina."

"Matroni, mimi Kichina sikijui."

"Na yeye Kindali hakijui. Mtaelewana."

Leo nimestaafu, na ninayaandika haya nikiwa na hasira. Nalisema mapema, asije mtu akadhani bibi amekaa anakumbuka mambo matamu ya ujana. Ninyi mnaoingia kazini sasa mna haki ya kujua kazi hii ilivyofanywa na watu walioiheshimu. Mna haki pia ya kujua jinsi mama mmoja wa Hasamba alivyopoteza mguu, na mkono wangu mimi ulikuwa wapi siku mambo yale yalipoanza.

Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, aliyeletwa kwetu kwa muda. Jina lake lilitushinda, wagonjwa wakamwita Dokta Sindano, naye akaitika. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini hakikuwahi kumpoteza mtu. Mgonjwa wake wa kwanza siku ile alikuwa mke kijana kutoka Hasamba, mkulima wa kahawa, mgongo umemshika katikati ya msimu wa kuchuma. Alikuja ameinama, anamshikilia mumewe bega. Tulimwita Mama Neema, kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

Mama Neema aliitazama sindano, nyembamba, haina tundu, haina bomba nyuma yake. Akaniuliza mimi, si daktari.

"Sista, sasa dawa iko wapi?"

Nikakumbuka nimekatazwa kusema. Dokta Sindano akajibu mwenyewe: "Dawa hakuna. Mwili wako fanya kazi. Sindano bisha hodi tu."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwili una sehemu ndogo ndogo tulizoziita nukta, na nukta zimepangwa kwenye njia wanazoziita mikondo. Sindano inaingizwa kwenye nukta, inasokotwa kidogo kwa vidole viwili, mpaka mgonjwa aseme anasikia uzito au ganzi inatambaa. Maumivu makali maana yake umekosea. Kisha unamwacha alale dakika ishirini, wewe unahesabu sindano ulizoweka, na wakati wa kuzitoa unahesabu tena. Kila mgonjwa anafunguliwa pakiti mpya, na sindano zilizotumika zinakwenda kwenye boksi la kuchomwa. Sikuwahi kuona mikondo ile kwa macho wala sijui kama iko kama wanavyoichora. Nilichokiona ni migongo. Mama Neema alikuja mara saba, na mara ya saba alikuja peke yake, ametembea wima.

Siku moja Dokta Sindano alitoa vikombe vya kioo, akawasha pamba, akaipitisha ndani na kukibandika kikombe mgongoni. Ngozi ikavutwa juu. Nikasahau amri ya kunyamaza.

"Dokta, hii hata kwetu ipo! Inaitwa chuku. Bibi yangu kule Ileje anaumika watu kwa pembe ya ng'ombe."

Akaacha kila kitu. "Bibi yako nani kataa?"

Sikumwelewa. Akarudia polepole. Alitaka kujua bibi alikuwa anawakatalia watu gani. Nikafikiri, nikamwambia bibi hamuumiki mjamzito, hamuumiki mtoto, hamuumiki mtu mwenye mguu uliovimba, na kuna watu huwaambia waende hospitali hata kama wamemletea kuku.

Dokta akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Bibi yako daktari. Mtu hajui kataa, huyo si daktari. Huyo duka."

Maneno hayo ndiyo chuo changu. Alikuwa na daftari ambalo nusu yake ilikuwa majina ya watu aliowakatalia na sababu zake. Wenye kisukari ambao miguu imekufa ganzi hakuwagusa miguuni kamwe. "Mguu hasikii, sindano hapana, moto hapana," alisema, na akanifanya nirudie mpaka nikachoka. Na kabla ya sindano ya kwanza kila mgonjwa aliulizwa: hospitali wamekupa nini, na nyumbani unatumia nini. Aliondoka baada ya muda wake kwisha, akaniachia daftari lile na boksi moja la sindano. Nikaendelea na kazi, na kwa miaka kadhaa watu wa Mbozi wakanijua kama Sista anayekataa watu. Wengine walinichukia kwa hilo. Mama Neema alikuwa ananitetea kanisani.

Baadaye nikahamishiwa Itumba. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alikuwa mwanamume msafi, mwenye hasira za karibu, na miti shamba ilikuwa adui yake mkubwa. Mgonjwa akisema amekunywa mizizi, alimgombeza mbele ya foleni nzima. Nasi wauguzi tukajifunza kwake. Na mimi, mjukuu wa mwenye chuku, nikagombeza. "Mmekunywa tena vinywaji vyenu vya porini! Mkishindwa ndiyo mnatukumbuka!" Nilijisikia msomi.

Matokeo yake ni kwamba Itumba nzima ikawa haijanywa kitu. Uliza yeyote: "Sijanywa kitu, Sista." Akaja mzee mmoja macho ya njano, tumbo limejaa, akaapa hajanywa kitu. Tulimpa dawa zetu, akazidi. Siku ya tatu mama aliyekuwa anafagia wodi, mtu wa kijiji kimoja naye, akaniita pembeni.

"Sista, yule baba anakunywa chupa iliyo chini ya mto. Kaniambia mimi. Ninyi kasema mna midomo."

Nikaikuta chupa. Mganga Mfawidhi akanyanyua sauti, mzee akageukia ukutani, na hakutuambia neno jingine mpaka wanawe walipomchukua kumrudisha nyumbani. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa, lakini sisi ndio tuliomfundisha kuficha. Ukimgombeza mgonjwa leo, kesho atakuletea ugonjwa na ukweli atauacha nyumbani. Tangu siku ile sikumgombeza mgonjwa tena kwa alichokunywa. Hasira zangu nikaziweka akiba kwa wanaostahili, na Mungu si Athumani, nikapelekwa Tunduma nikazikuta sababu zake zimepanga foleni.

Tunduma nilipewa cheo kirefu: Mratibu wa Tiba Asili na Tiba Mbadala. Tiba asili ni ya kwetu, mizizi na magome na chuku. Tiba mbadala ni iliyotoka kwingine, kama sindano zangu. Kazi ya mratibu ni kuwatambua waganga, kuona vibali vyao, kuwatembelea na kuwaelekeza watu. Karatasini ni kazi nzuri. Lakini Tunduma ni mpaka. Malori yanapanga mstari kwenda Zambia, watu wanauza na kununua pande zote mbili, na dawa zinavuka na kila kitu kingine. Asubuhi unasikia "Mulishani, mayo," mama wa upande wa pili anasalimia kwa Kibemba, mkononi kashika kopo lenye maandishi ya Kichina ambayo yeye hayajui, muuzaji hayajui, na hata aliyelitengeneza huenda hayajui.

Maswali niliyoulizwa pale! Sindano inauma? Inauma kidogo, halafu unasikia uzito. Ni uchawi? Ingekuwa uchawi nisingehitaji pakiti mpya kwa kila mtu. Inasaidia nini? Mgongo, goti, shingo, kipandauso. Na wapo isiowasaidia hata chembe, hao nawarudisha hospitali. Inaponya sukari? Haiponyi. Presha? Haiponyi, na usiache vidonge vyako. Wanaume walisubiri watu wote watoke ndipo wakafunga mlango na kuuliza swali lao kwa sauti ya chini, nanyi mnalijua. Niliwajibu kwamba kopo linaloahidi ajabu kwa siku moja usilitilie shaka kidogo, litilie shaka yote, maana huenda ndani wamesaga vidonge vya hospitali bila kukuambia.

Na kulikuwa na lile swali lililonichemsha kila nilipolisikia: "Lakini Sista, si ni kitu cha asili? Cha asili kina madhara gani?" Jamani! Uyoga wa porini ni wa asili. Kila mtoto wa Mbozi aliyekwenda kuokota uyoga na mama yake anajua kuna wa kula na kuna wa kumzikia mtu. Leo mtoto yuleyule amekua, kavaa tai, ananiambia cha asili hakina madhara kwa sababu kimewekwa kwenye kopo!

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Alikuja ofisini bwana mmoja, Fadhili, mfanyabiashara, mwenye maneno laini. Alikuwa anafungua kliniki ya sindano na kukanda viungo. Jina la kliniki silitaji. Bango lenyewe limeshabadilishwa mara kadhaa. Nilikagua. Alikuwa amemwajiri binti aliyesomea kweli. Nilimuuliza nukta za mgongo akanitajia bila kukohoa, na nilipomuuliza angemkatalia nani, akaniambia. Karatasi zilikuwa sawa. Ningeishia hapo ningekuwa nimefanya kazi yangu. Lakini Fadhili akatoa kadi yenye herufi za dhahabu.

"Mama yetu, tunaomba uwe mgeni rasmi."

Mnatujua sisi. Hatuwezi kufungua hata choo cha shule bila mgeni rasmi. Nilikuwa nimehudhuria shughuli za wengine mia, nikikaa viti vya nyuma, nikiangalia mabosi wakivishwa maua. Safari hii maua yalikuwa yangu. Nikavaa kitenge cha Kongo nilichokuwa nimekitunza kwa ajili ya harusi ya mwanangu. Kwaya iliimba jina langu. Ilisomwa risala, nikaketi meza kuu, nikalishwa keki mbele ya watu. Mshereheshaji akaniita mama wa sindano wa nyanda hizi zote. Kisha nikapewa mkasi, nikakata utepe, na mpiga picha akasema, "Sista, nyanyua mkasi kidogo. Tabasamu." Nikanyanyua. Nikatabasamu mpaka jino la mwisho.

Niambieni, mkaguzi aliyelishwa keki na anayemkagua atakagua nini tena? Miezi michache baadaye binti yule aliyesoma akaondoka. Nilisikia, nikapita pale mara mbili, nikakuta pamefungwa, na Fadhili kwenye simu anasema yuko Mbeya. Nikaandika kwenye fomu: "Pamefungwa, nitarudi." Nilichelewa kurudi. Ingekuwa kliniki nyingine ningerudi kesho yake asubuhi. Hii niliifungua kwa mkono wangu, na mtu hapendi kukitilia shaka kitu alichokipigia picha.

Mama Neema alikuja ofisini siku ya soko, na binti yake Neema, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye watoto. Tulikuwa hatujaonana muda mrefu. Nilijua tu kwamba sukari ilikuwa imempata, na kwamba alikuwa akichukua vidonge vyake hospitali kila mwezi bila kukosa. Mguu wa kulia ulifungwa khanga. Kabla hajakaa nilishasikia harufu, na muuguzi akisikia harufu ile hahitaji kuambiwa.

Nikajizuia. Nikauliza lile swali la kazi. "Mama Neema, nyumbani unatumia nini?"

Akatabasamu. "Natumia zako."

"Zangu zipi?"

"Za kliniki yako, Sista. Nimekuja unisaidie, kidonda hiki kinachelewa kufunga, na kule wananiambia ni sumu inamalizikia kutoka."

Akanieleza yote, bila woga, kwa sababu alijua mimi sigombezi. Kule Fadhili siku hizi alivaa koti jeupe yeye mwenyewe. Walimshikisha chuma mkononi, mashine ikatoa karatasi ikisema ini limechoka na kongosho limelala. Wakampa makopo matatu. Wakamwambia vidonge vya hospitali vinagombana na makopo, aviache kwanza. Kisha wakamtumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto lenye chumvi na mtambo wa umeme, wa kuvuta sumu kupitia nyayo. Maji yakageuka ya kahawia, wakamwonyesha: tazama, mama, sumu ya miaka yote hiyo.

"Hukusikia maji yanaunguza?"

"Miguu yangu haisikii siku nyingi, Sista. Nilikuwa nafurahi tu kuona sumu inatoka. Nilipofika nyumbani ndipo Neema akaona malengelenge."

Mguu hasikii, moto hapana. Nilisikia sauti ya Dokta Sindano masikioni kabisa. Nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri: "Kwa nini hukuja kuniuliza kwanza?"

Akanishangaa. "Si nilikuuliza? Upo pale ukutani, mapokezi, umeshika mkasi unacheka. Neema alisita, mimi ndiye niliyemwambia: huyu Sista ninamjua, mahali pabaya angekataa. Wewe si unajulikana kwa kukataa?"

Nilimpeleka hospitali mwenyewe, nikakaa naye mpaka daktari alipotoka. Walijaribu kukitibu kidonda siku kadhaa. Kisha wakaukata mguu chini ya goti, ili abaki hai.

Nilikwenda kwa Mkuu wa Idara, bosi wangu, nikiwa na ripoti ya kurasa nne. Alikuwa mtu wa mikutano, kila sentensi yake ilianza na "kimsingi". Akaisoma yote, akavua miwani.

"Kimsingi, Sista Lugano, nani alikata utepe pale?"

"Mimi."

"Basi tukienda kufunga kwa kishindo, idara itaonekanaje? Tumwandikie barua ajieleze. Mambo haya yanakwenda taratibu."

"Mkuu, mguu haukukatwa taratibu."

"Sista, jazba haisaidii."

Jazba! Mtu amekatwa kiungo, na mwenye kosa ni mimi niliyepandisha sauti! Barua iliandikwa. Ikajibiwa kwa barua. Ikaandikwa nyingine kuuliza ufafanuzi wa ile ya kwanza. Na siku zote hizo wagonjwa wanaingia kwa Fadhili, wananitazama ukutani, wanavua viatu. Nilikwenda kumwomba anirudishie picha, akaniambia kwa heshima zote, "Mama yetu, ile ni kumbukumbu ya kliniki." Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kibaya cha Fadhili kilijitembeza kwa uso wangu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Mama Neema akashuka mbele ya ofisi yangu, magongo mawili, Neema nyuma yake. Hakusalimia kwa kirefu.

"Sista, nipeleke kwenye kliniki yako."

Tukaenda. Mapokezi palijaa, watu kama kumi na wawili kwenye mabenchi, wengine na makopo mapajani. Juu yao nimening'inia mimi na kitenge changu cha Kongo. Fadhili akatoka na koti lake. "Karibu sana, mama yetu!" Alipomwona aliye kando yangu, sauti ikapungua.

Sikumgombeza. Nilimwomba dada wa mapokezi alete beseni safi, jipya, akalifungua kutoka kwenye nailoni mbele ya watu. Nikamwomba atie maji ya moto, chumvi, na mtambo, kama wanavyomfanyia mgonjwa yeyote. Akamtazama bosi wake, akatazama mabenchi, akafanya. Tukawasha umeme. Hakuna aliyeingiza mguu. Tukakaa, watu wote tumelitazama beseni. Dakika za kwanza maji yakawa na wingu. Baadaye yakawa kahawia, na mapovu juu, yaleyale.

"Sumu hii ni ya nani?" niliuliza.

Fadhili akasafisha koo. "Mashine wakati mwingine inakumbuka sumu ya mgonjwa aliyetangulia."

Mzee mmoja kwenye benchi akacheka kwa nguvu mpaka akakohoa. Nikawaeleza: ni vyuma vya mtambo vinashika kutu ndani ya maji ya chumvi, basi, hata ukitumbukiza mpini wa jembe badala ya mguu, maji yatatoka hivyohivyo. "Awe!" akasema mama mmoja wa Kizambia, yaani hapana, akainuka, akaliweka kopo lake juu ya meza ya mapokezi, akaanza kuvaa viatu.

Wakati ule Mama Neema alikuwa ameshasogea ukutani. Akaegemea gongo moja, la pili akalinyanyua, akaipenyeza ncha yake chini ya fremu na kuitoa picha kwenye msumari. Ilianguka, kioo kikapasuka. Neema akaiokota.

"Mama," Fadhili akasema, "hiyo ni mali ya kliniki."

Mama Neema akatazama chini, pale mguu wake ulipokuwa unaishia. "Hii nimeshailipia."

Hakuna aliyemzuia. Nje, kabla hatujapata gari, akanikabidhi. "Kaa nayo. Ukiulizwa maswali, ujibu nayo." Hakuyasema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniliza pale barabarani mbele ya watu, mimi mtumishi wa serikali na kitambulisho kifuani.

Nilitamani kuwaambia kwamba haki ilitendeka. Kliniki ilijifunga yenyewe kwa kukosa watu, kabla ya barua ya mwisho ya Mkuu wa Idara kupata jibu. Baadaye nikasikia imefunguliwa mtaa mwingine, bango jipya, na mgeni rasmi mwingine ameshakata utepe. Sijui ni nani. Namhurumia, na simhurumii.

Nimestaafu bila kuichukia kazi yangu. Sindano za Dokta Sindano ni kitu cha kweli kwa mambo machache, na pembe ya bibi yangu vilevile, na kuna waganga wa miti huko Ileje ninaowaheshimu kuliko baadhi ya watu wenye makoti. Hasira yangu si ya dawa za Kichina wala za asili. Ni ya maduka yanayojiita waganga, na ya sisi wenye vyeo tunaowaazima nyuso zetu kwa kipande cha keki. Hakuna aliyenidanganya siku ile. Nilialikwa, na nilipenda kualikwa. Nusu ya kazi yetu ni kukataa, na mimi niliyewakatalia wagonjwa miaka yote sikuweza kuikatalia kadi yenye herufi za dhahabu.

Picha ipo sebuleni kwangu, na kioo chake kilichopasuka. Wageni wakiuliza, nawasimulia. Majirani wanakuja na makopo yao, naanza na lile swali la Dokta Sindano: hospitali wamekupa nini, nyumbani unatumia nini. Wananijibu ukweli. Huenda ndiyo pensheni yangu halisi.

Wiki iliyopita alikuja bwana mmoja wa Nanyala, kavaa suti, ana bahasha. Anafungua duka kubwa la dawa za asili na tiba ya sindano kando ya barabara kuu. Shikamoo yake ilikuwa ya kuinama.

"Marahaba."

"Mama, tumeshauriana, hakuna mwingine anayefaa. Tunaomba uwe mgeni rasmi wetu. Mkasi tumeshanunua."

Nikaisoma kadi yote, polepole. Nikamrudishia.

"Nenda kwanza Hasamba, umtafute Mama Neema. Mweleze unachotaka kufungua, utamtibu nani na utamkatalia nani. Akiridhika, nitakuja."

Akatoa simu aandike jina. "Mama Neema. Samahani mama, yeye ana cheo gani?"

"Cheo chake utakiona akisimama kukupokea."